Saa za Mama Vale

Voi, 12 Januari 2025

Kwa mpwa wangu Valentine, daktari mtarajiwa wa chupa na mvuke,

Pokea salamu kutoka Voi, mji mkuu wa dunia, na anayekwambia ni mtu aliyeiona dunia hiyo yote kupitia kioo cha trela. Sisi hatujambo. Anti Rachel hajambo, ila magoti yanamlalamikia akipanda kwenda kanisani. Geoffrey wangu amenunua bodaboda na tayari ameshavunja taa ya mbele, anasema taa ndiyo iliyogonga ukuta. Tembo waliingia kwa jirani wakala mapapai, mti na matunda. Kwetu hawakugusa. Nafikiri wananikumbuka. Kati ya Mombasa na Lubumbashi, mimi ndiye dereva pekee ambaye tembo alimpisha njia akiwa na familia yake yote.

Biashara ya betri inaenda. Watu wanasema betri iliyokufa ikipita mikononi mwa Sylus inafufuka. Mimi sibishani na watu.

Sasa. Uliniuliza kwenye simu kwa nini mama yako hapokei ukipiga Jumapili mchana, nikakuchekesha mpaka salio likakatika. Wacha nikujibu kwa maandishi kama msomi. Amelala. Ndiyo, mchana kweupe. Dada yangu Dinah, mwanamke aliyekuwa akiwaamsha jogoo wa Werugha kule milimani, siku hizi saa sita za mchana anakoroma kama mheshimiwa bungeni. Usiku ndipo anaamka, anawasha moto, anapika kimanga cha muhogo na maharagwe, anafagia uwanja. Jirani yake, Mama Abby, anasema akitoka alfajiri anakuta nguo zimeshafuliwa na kuanikwa.

Nilimuuliza, "Dada, umeajiriwa ulinzi?"

Akaniambia, "Na wewe umeajiriwa maswali?"

Basi huyo ndiye mama yako, hajabadilika ulimi. Tunafikiria baada ya Pasaka nimshushe aje akae na sisi hapa Voi. Hataki kusikia. Nyumba ile aliijenga na marehemu baba yako, na kila jiwe analijua lilitoka mto gani. Lakini tutaona. Wewe soma.

Mjomba wako,
Sylus, Mfalme wa Betri


Edmonton, 3 Februari 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, wewe na Anti Rachel. Mwambie Geoffrey kuta za Voi nazijua, hazina tabia ya kutembea. Mimi niko salama. Huku ni theluji, na jua linachomoza limechelewa kama mtu asiyetaka kazi, halafu linarudi mapema. Nimejifunza kuvaa soksi mbili. Sijajifunza kula peke yangu.

Kila ukiwasimulia watu kwamba nasomea chupa, mimi nacheka, lakini leo nataka uelewe. Kuna maji ya dawa ninayochanganya maabara. Ukiyaacha mezani bila kuyagusa, yanageuka kutoka nyekundu kuwa bluu. Unangoja, yanarudi nyekundu. Tena bluu. Hakuna anayeyakoroga. Yanapigapiga yenyewe kama moyo. Ukiyafunga bila kuyaongezea chochote, mwisho yanachoka na kunyamaza. Ukiyalisha dawa mpya kidogo kidogo, yanaendelea. Na chupa mbili ukiziunganisha kwa mrija mwembamba, baada ya muda zinaanza kugeuka pamoja, kila moja ikiacha kidogo mwendo wake. Hiyo ndiyo kazi yangu: kujua zinasikizanaje. Maana ndani ya mwili wa mtu nako kuna saa ya namna hiyo, imetengenezwa kwa kemia tupu, na ndiyo inayosema sasa lala, sasa amka.

Kwa hiyo habari ya mama kulala mchana sikuicheka sana. Ilianza lini? Ni kila siku? Mimi ananiambia hajambo, ananiuliza kama nimekula, halafu anasema salio linaisha, hata kama ni mimi niliyepiga. Na simu ya picha bado anaikataa. Kwa nini, Mjomba? Nina mwaka na nusu sijauona uso wake.

Wako,
Vale


Voi, 1 Machi 2025

Mpwa wangu,

Barua yako ilifika ikiwa na harufu ya baridi. Sisi wazima. Anti Rachel amenunuliwa dawa ya magoti na sasa anapanda ngazi akijigamba. Taa ya Geoffrey imepona.

Hayo maji yako niliyatangaza hapa dukani. Ngui, yule anayeuza matairi, akasema, "Huo ni uchawi." Nikamwambia, "Ni kemia. Kemia ni uchawi uliopita mtihani." Wakanikubali wote. Wanajua mjomba wa profesa ameongea, ijapokuwa shule mimi niliiacha darasa la saba, au yenyewe iliniacha, tusigombane.

Na mambo ya saa mwilini usinifundishe. Nimeendesha usiku kutoka Malaba hadi Kigali, nikalala mchana chini ya trela. Mwili unazoea. Lakini wa mama yako hauzoei, na hapo ndipo ninapokuna kichwa. Mwezi uliopita alikuwa sawa kabisa. Aliamka na watu, akaja kanisani, akaimba sauti ya pili mpaka mchungaji akafunga macho. Tukasema yamekwisha. Halafu akaanza tena kuteleza. Usingizi ukachelewa kidogo, kesho yake kidogo tena, kama lori lililoegeshwa mteremkoni bila breki ya mkono. Sasa chakula cha mchana anakula jua likizama.

Mchungaji alipanda kumwona jioni moja. Mama yako akamsalimu, "Kwawuka mana," vile sisi Wadawida tunavyoulizana kama tumeamka vizuri, akamtengea chai ya asubuhi. Mchungaji akacheka, kisha akaona yeye hacheki.

Nitakwambia kwa sababu wewe si mtoto. Akina mama wa kanisa wanasema akili ya Dinah inaondoka. Juzi kwenye giza alikutwa shambani anapalilia maharagwe, na mvua inanyesha. Tumekaa kama ukoo. Baada ya Pasaka anakuja Voi, apende asipende. Nimetengeneza chumba cha nyuma, nimepaka rangi. Kitasa nimekiweka nje. Usinichukie. Hapa mimi nina barabara kuu mbele na tembo nyuma, nikimwacha atembee usiku nitamzika.

Akinisikia ninaandika haya atanipiga na mwiko.

Mjomba Sylus


Edmonton, 20 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kabla ya Pasaka, na ikikukuta, tafadhali ng'oa hicho kitasa.

Nimesoma ulivyoandika kuhusu lori na mteremko mpaka karatasi imechakaa. Akili ikichanganyikiwa, usingizi nao huvurugika ovyo ovyo, leo hivi kesho vile. Wa mama hauvurugiki. Unateleza upande mmoja, kidogo kila siku, unazunguka mpaka unakutana tena na siku yenyewe, anakuwa sawa wiki kadhaa, halafu anaanza upya. Hiyo ni saa nzima kabisa, inayotembea bila mtu wa kuirekebisha.

Maana saa iliyo ndani yetu si sahihi. Kwa watu wengi inachelewa kidogo kila siku, yangu na yako pia. Kinachoirudisha ni mwanga. Kila asubuhi unafungua mlango, mwanga unaingia machoni, na macho yanaiambia saa: anza hapa. Mtu anayeishi Werugha, anayetoka nje kila siku, jua lote lile usoni, haiwezekani ateleze namna hiyo.

Isipokuwa kama mwanga hauingii.

Nilikupigia mara mbili nikuulize hili. Mara ya kwanza ukasema mtandao. Mara ya pili ukanichekesha na kisa cha Goma hadi nikasahau nilichopigia. Karatasi haiwezi kunichekesha nikiwa nimeishika. Kwa hiyo nauliza hapa.

Mjomba, mama anaona?

Vale


Voi, 9 Aprili 2025

Mpwa wangu mpendwa sana,

Salamu tele. Mvua zimefika na zimefika kwa hasira, barabara ya kupanda Wundanyi imeporomoka mahali na vijana wanavusha watu kwa kamba na kwa bei. Mahindi yatakuwa mazuri. Hata rafiki zangu wakulima wa Njukini wamepiga simu kujisifu, na mtu wa Njukini hajisifu bure, husubiri mpaka wewe huna kitu.

Geoffrey ana mchumba. Anaitwa Mumbe, Mkamba wa hapa hapa Voi, mpole, sijui ameona nini kwake. Anti Rachel anamfundisha kupika vile Geoffrey anapenda, nami nimemwonya Mumbe mapema asimharibu kijana kwa mapishi. Bei ya asidi ya betri imepanda. Tembo mmoja amelala karibu na reli mpaka treni ikapiga honi kama harusi. Mimi nilikuwepo. Nilimwambia atoke, akatoka. Watu ni mashahidi.

Mama yako anakusalimu. Hajaja Voi bado, kwa ajili ya barabara. Anasema ule vizuri.

Hayo mengine tutaongea.

Mjomba wako akupendaye


Edmonton, 29 Aprili 2025

Mjomba,

Nimeisoma barua yako. Ndani yake mna mvua, Mumbe, asidi na tembo. Macho ya mama yangu hayamo.

Kutokujibu kwako nimekuelewa. Umewahi kunyamaza mara mbili tu tangu nizaliwe, na mara ya kwanza ilikuwa siku ya mazishi ya baba.

Tarehe 24 Julai natakiwa kusimama mbele ya maprofesa kuutetea utafiti wangu. Miaka mitano yote iko kwenye siku hiyo. Nimeandika barua ya kuiahirisha na kurudi nyumbani. Bado sijaituma. Ninangoja neno lako. Nikikosa neno, nitalitafuta mwenyewe mlangoni kwa mama.

Vale


Werugha, 17 Mei 2025

Valentine,

Naandika nikiwa jikoni kwa mama yako, yeye amekaa kwenye kigoda na amenishikia mwiko. Si mzaha. Nilipanda na barua yako mfukoni, nikamwambia, "Dada, mtoto amejua." Akaniuliza nani amesema. Nikamwambia, "Hakuna. Amejua kutoka kwenye chupa zake."

Akaugeuza mwiko mkononi. Halafu akasema, "Kumbe ile shule ni ya kweli."

Haoni, Vale. Ni presha ya macho. Lilianza jicho moja mwaka juzi, ulipokuwa umerudi tu huko kutoka likizo, likafuata la pili. Nilimpeleka Voi, nikampeleka Mombasa, ningempeleka mpaka Lubumbashi kama huko kungekuwa na jibu. Daktari alisema tumechelewa. Sasa hajui hata taa ikiwa imewashwa. Alituapisha juu ya Biblia, mimi, Rachel, mchungaji na Mama Abby, kwamba hutaambiwa mpaka umalize. Ndiyo maana simu ya picha hakuitaka. Angekuangalia pembeni, ungejua. Macho tulijua sote. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyedhani macho na usingizi ni ndugu. Tulifikiri ni vitu viwili, kumbe tulikuwa tunampigia kitasa mtu mwenye akili timamu.

Sasa ananiamuru niandike maneno yake kama yalivyo.

"Mwambie akituma hiyo barua ya kuahirisha, asinipigie tena simu."

Nimeandika.

"Soma."

Nimesoma. Amesema nimeongeza ukali. Sijaongeza.

"Mwambie macho yangu si kazi yake. Kazi yake ni zile rangi."

Nikamwambia, dada, nimempelekea daktari mmoja wa Voi maneno ya Vale kuhusu saa ya mwilini, anasema dawa ya kuirudisha ipo, ni kidonge cha kumeza jioni, saa ile ile kila siku, na pole pole mwili unafuata. Utalala na watu na kuamka na watu. Hakuna wa kukuhamisha tena. Nilidhani atafurahi.

Akasema hataki.

"Kwa nini?"

"Wewe andika yako."

"Dada, kwa nini?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati hata nikafikiri amelala. Halafu akasema hivi, na nimeandika polepole nisikosee: "Usiku nikiwa macho, kijiji kizima kimelala. Rachel amelala, wewe umelala, mchungaji amelala. Lakini kule kwa Vale ni mchana. Yuko kazini, anatembea, anakula. Duniani kote tuko macho mimi na yeye tu. Zile wiki ninazokuwa sawa na nyinyi ndizo wiki ninazokuwa mpweke. Sasa mnataka kunipa kidonge nirudi kwenu."

Vale, mimi ni mtu wa maneno, unanijua. Nilitoka nje nikasema naangalia mvua.

Mjomba


Edmonton, 5 Juni 2025

Mjomba, shikamoo. Nisomee mama hii, na usiongeze la kwako.

Mama,

Barua ya kuahirisha nimeichana. Ulitaka nimalize, nitamaliza. Sina hasira na kiapo chenu, au ninayo, lakini nitakuja nayo nyumbani tuimalize tukiwa tumekaa.

Huku usiku natembea kutoka maabara hadi chumbani na kila dirisha ninalopita watu wanakula pamoja. Nami nilikuwa najiambia, mama sasa amelala, usimwamshe. Miezi yote hiyo. Kumbe ulikuwa umekaa unanisindikiza na sikujua kukusalimu.

Zile chupa nilizomweleza Mjomba, zikiunganishwa, hakuna moja inayofuata nyingine moja kwa moja. Kila moja inasogea. Wewe umesogea hadi huku kwangu, peke yako, gizani, na watu wakakuita umechanganyikiwa. Inatosha, mama. Meza kidonge. Kaa na saa za Werugha, uende kanisani, uimbe. Asubuhi yako ukiamka, huku kwangu ni jioni ya jana, ndiyo kwanza natoka kazini. Nitakupigia hapo, kila siku, kabla hujawasha moto. Utaanza siku yako na mimi, nami nitamaliza yangu na wewe.

Hatutakuwa macho pamoja usiku kucha. Hilo najua. Nami litaniuma.

Tarehe 24 Julai saa nane mchana ndiyo wananiuliza maswali. Huko itakuwa saa tano za usiku, utakuwa umelala, na nataka uwe umelala. Septemba nakuja.

Mwanao,
Vale


Voi, 2 Agosti 2025

Kwa Daktari Valentine, na sasa si utani tena,

Pokea salamu za nchi nzima. Nimetangaza. Hapa Voi hakuna anayenunua betri kwangu bila kwanza kusikia kwamba mpwa wangu amewashinda maprofesa watano. Ngui anasema uliniambia watatu. Ngui hajui kuhesabu. Anti Rachel ametoa shukrani kanisani. Mumbe na Geoffrey wanangoja uje Septemba ndipo wafunge ndoa, na Mumbe amekwisha kumharibu kwa mapishi kama nilivyotabiri.

Dawa imefanya kazi. Ilichukua wiki kadhaa, nikadhani daktari ametuuzia chaki, halafu siku moja nikapanda asubuhi nikamkuta ameamka, amenawa, amekaa mlangoni na simu. Tangu hapo ni hivyo. Akina mama wa kanisa wanasema ni maombi, nami nimewaachia nusu. Tumemfungia kamba ya kushikilia kutoka mlangoni hadi msalani na nyingine hadi kwa Mama Abby, lakini ya kwa Mama Abby ameifungua kuanikia nguo. Chumba cha Voi sasa kina betri.

Lakini kuna jambo mama yako amenikataza kukwambia, na safari hii hakuniapisha, kwa hiyo hilo ni kosa lake.

Tarehe 24 nilipanda nilale huko, nisije nikasikia habari zako kwa watu wengine. Tukala. Saa ya kidonge ikafika, nikampa na maji. Akapokea, akanywa. Nikamwona anakunywa. Muda ukapita, nikamwambia, dada, nenda ulale. Akaenda chumbani, akarudi amevaa lile gauni la Pasaka na kitambaa kichwani. Akakaa kwenye kiti cha marehemu.

Nikamwuliza, "Kidonge kiko wapi?"

Akafungua mkono. Kilikuwa kimeyeyuka nusu kiganjani.

Nikamwambia, "Daktari ataniua mimi. Na Vale amesema ulale."

"Mtoto anaulizwa maswali na wazungu. Nani atakuwa naye?"

"Yuko mbali, dada. Hata hajui kwamba umekaa."

"Ndiyo maana nimekaa."

Nikachochea moto, nikavuta kiti, nikakaa naye. Mara moja moja alikuwa akigeuza uso upande ule ambao treni hupita mbali bondeni, nikadhani anasikiliza treni, lakini treni ilikuwa imeshapita zamani.

Ulipopiga alfajiri kusema umepita, mama yako alipokea, nawe uliniambia baadaye ulishangaa simu ilipokewa kabla hata hujaisikia ikiita. Ukadhani ni bahati ya mtandao. Mtandao wa Werugha hauna bahati hiyo, Vale. Alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili tangu jioni.

Mjomba wako,
Sylus